Uzi: Street Fighter II ya 1994, katuni iliyojua kwamba gemu ya kupigana haina hadithi

#1 Mleta uzi

Wakuu, kila ukianza mjadala wa filamu zilizotokana na gemu, haupiti muda watu wanagawanyika makundi mawili. Kundi la kwanza linasema gemu haiwezi kutoa filamu nzuri, basi, tufunge mada. La pili linasema filamu hizi zinaharibika kwa sababu watengenezaji hawafuati hadithi ya gemu. Mimi nina ugomvi na kundi la pili, na shahidi wangu ni mmoja tu: Street Fighter II ile ya katuni, iliyotoka Japani Agosti 1994. Siyo ile ya waigizaji, ya Van Damme. Ile ya Van Damme ilikuja Desemba mwaka huohuo, na nikiitaja humu itakuwa kwa heshima ya marehemu Raul Julia, aliyemwigiza adui mkuu, tu.

Nitasimulia kila kitu mpaka mwisho. Filamu ina miaka zaidi ya 30, kama bado unaogopa kuharibiwa utamu, pita kushoto. Na majina nitakayotumia ni ya toleo la kimataifa: Bison ni yule dikteta mwenye kofia, Balrog ni bondia, Vega ni Mhispania wa kucha. Najua Japani ni vingine, tusianze kugombana mapema.

Sasa hoja. Gemu ya kupigana haina hadithi ya kufuata. Street Fighter II ilipotoka mwaka 1991 kwenye mashine za sarafu, ulikuwa unapewa nini? Wapiganaji 8 wa kuchagua, mabosi 4 mbele yako, na ukishinda wote unaonyeshwa picha chache na vijisentensi. Hiyo ndiyo hadithi yote. Lakini mtu aliyeicheza wiki moja tu anaweza kukueleza tabia ya kila mpiganaji kama vile wamekua pamoja. Kaijuaje?

Kaijua mkononi. Chukua Guile. Mapigo yake makubwa yanataka uvute joistiki nyuma au chini, uishikilie hapo kwa muda, ndipo uisukume upande wa pili na kubonyeza. Hata uwe na papara kiasi gani, ukimchagua Guile unageuka kuwa mtu wa kusubiri. Unarudi nyuma, unakaa, unamwacha mwenzako akosee. Hakuna aliyekuandikia popote kwamba huyu ni mwanajeshi anayetunza kinyongo, ila vidole vyako vimeshaelewa. Zangief naye lazima umfikie mtu karibu kabisa ndipo umkamate, kwa hiyo unakuwa mtu wa kuvumilia makonde njia nzima ukijua ukifika tu, shughuli imekwisha. Dhalsim anakupiga akiwa mbali, bila hasira, kama anafukuza nzi.

Tabia ipo kwenye mwili. Na mwongozaji wa ile katuni, Gisaburō Sugii, akaliona hilo wakati wenzake wengi hawajaliona mpaka leo.

Kinachonishangaza ni kwamba Sugii si mtu ambaye ungempa kazi ya ngumi. Ni mkongwe aliyefanya kazi kwenye Astro Boy ya 1963, na mwaka 1985 alitengeneza Night on the Galactic Railroad, filamu ya paka wawili ndani ya treni inayopita angani, ya kimyakimya, ya huzuni, unaweza kukaa dakika nzima unatazama dirisha tu. Halafu mtu huyohuyo anakabidhiwa Ryu na Sagat. Ukiijua hiyo ya paka, utaona alichokibeba kuja nacho: anajua kusubiri.

Tazameni mwanzo. Usiku, uwanda wa majani, mvua ya radi. Watu wawili wamesimama. Hakuna msimulizi wa kukwambia huyu ni nani na yule anataka nini. Mmoja ni jitu refu lenye kitambaa jichoni, mwingine ni kijana wa gi nyeupe, lile vazi la karate. Wanapigana, na vile wanavyopigana unaelewa kila kitu: Sagat anarusha magoti na viwiko vya Muay Thai kutoka juu, anatumia urefu wake, anadharau. Ryu anapokea. Anapigwa kwelikweli. Kisha inakuja Shoryuken, ngumi ya kupanda, inampasua Sagat kifua, damu inaruka. Lile kovu ambalo kwenye gemu ni mchoro tu kifuani kwa bosi, hapa umeliona likizaliwa. Sagat anakuja tena kwa hasira, Ryu anakusanya mikono ubavuni, Hadouken, ule mpira wa nguvu, inatoka, na tunaingia kwenye jina la filamu.

Kisha angalia anavyofanya baadaye: anaifungia Hadouken kabatini. Filamu ina dakika zaidi ya 100 na silaha ambayo kila mtu kaja kuiona inatolewa kwa kuhesabu. Filamu nyingine za aina hii zinamwaga fataki dakika ya 10, ikifika dakika ya 60 macho yamezoea, hakuna tena kinachokushtua.

Naendelea chini, nisije nikaandika kitabu kwenye chapisho moja.

#2 Mleta uzi (mwendelezo)

Pambano la Chun-Li na Vega. Kama hujawahi kuiona filamu hii, hili pekee linatosha.

Chun-Li, askari wa Interpol, yuko nyumbani kwake New York, amevaa nguo za kulalia. Vega ametumwa kumuua. Hakuna uwanja, hakuna watazamaji, ni chumba chenye makochi na meza. Na kila kitu ndani ya chumba kinatumika. Vega ni mtu wa kuta na dari, anarukaruka kama popo, anakata na kurudi nyuma. Chun-Li nguvu zake ziko miguuni, ila pale hana nafasi ya kukimbia wala kuruka, kwa hiyo dakika za mwanzo anazidiwa. Anachanwa. Damu kwenye mikono, kwenye nguo. Anarusha kochi zima. Unaona uzito wa lile kochi, kwamba lilimgharimu kitu.

Halafu namna alivyoshinda. Mateke yale ya mfululizo, ambayo kwenye gemu unayapata kwa kubonyeza kitufe kimoja harakaharaka kama kichaa, hapa yanakuja mwishoni kabisa, akiwa hana tena kingine, na yanamtoa Vega kupitia ukutani mpaka nje. Baada ya hapo Chun-Li haondoki kwa mbwembwe. Anaanguka. Anaingia koma. Ushindi umekula mwili wake.

Sasa linganisha na kanuni ya stelingi kwamba apigwe kumi, ajifute damu mdomoni, kesho yake asubuhi yuko mzima anakunywa kahawa. Hapa aliyeshinda ndiye aliyelazwa.

Kuna sababu ya kiufundi mapigo haya yana uzito. Kwanza, wasimamizi wa mapigano walikuwa watu wa ulingoni: Kazuyoshi Ishii, mwanzilishi wa karate ya Seidokaikan na wa K-1, yale mashindano ya ngumi na mateke, na Andy Hug, yule Mswisi wa teke la shoka. Pili, na hili ni langu mwenyewe nililoligundua kwa kurudisha nyuma mara nyingi mno: angalieni kuganda. Kwenye gemu, ngumi ikitua, wapiganaji wote wawili wanaganda kwa fremu chache kabla hajaruka aliyepigwa. Ni kipande kidogo sana cha sekunde, huwezi kukitaja ukiulizwa, ila kikiondolewa ngumi zote zinakuwa za pamba. Wachoraji wa filamu hii wanafanya kitu kilekile kwa mkono. Teke likitua, picha inashika, sura inakunjika, ndipo mwili unaondoka. Wameazima kutoka kwenye gemu kitu ambacho hakipo kwenye hadithi wala kwenye mavazi. Wameazima mapigo ya moyo ya gemu.

Mtu akiniambia filamu ifuate gemu, namuuliza: ifuate nini? Ifuate hicho.

#3

Nipo paleee nimekaa na popcorn. Endelea mkuu.

#4

Mleta uzi umeandika vizuri lakini umechagua pambano moja zuri ukajenga nalo nyumba nzima. Haya tuambie Blanka na Zangief Las Vegas walikuwa wanafanya nini? Pambano halina mwanzo wala mwisho, watu wanashangilia, umeme unawaka, imeisha, hatuwaoni tena kwa maana yoyote. Dee Jay yupo? T. Hawk? Anatokea Seattle anamfuata Ken, anapigwa, kwaheri. Hiyo siyo filamu, hiyo ni orodha ya mahudhurio darasani. Wameita majina yote ili Capcom, wenye gemu, waridhike.

Na stelingi wako Ryu nusu ya filamu hayupo. Anatembea tu na begi.

#5 Mleta uzi

Mkuu wa #4, kuhusu Blanka na Zangief sina utetezi, umenikamata. Ni dakika za kulipa deni. Super Street Fighter II, toleo jipya la gemu, iliongeza watu 4 mwaka 1993, Cammy, Fei Long, Dee Jay na T. Hawk, kwa hiyo filamu ikajikuta na wapiganaji 16 wa kuwapa viti. Ukumbi umejaa, wengine wamesimama.

Lakini Ryu kutokuwepo ndiyo filamu yenyewe! Bison ameona rekodi ya Ryu akimpiga Sagat, anamtaka. Saibogi wake wametawanyika duniani kote, macho yao kamera, wanapima nguvu za wapiganaji. Interpol nao wamo mbioni. Dunia nzima inamtafuta mtu mmoja, na yeye hana habari, anatafuta mtu wa kupigana naye aendelee kujifunza. Hana simu, hana anwani. Ken, rafiki wa Ryu waliyejifunza naye kupigana, ana gari zuri, ana mpenzi wake Eliza, ana fedha, na pamoja na hayo yote anaonekana amekosa kitu, kwa sababu aliyekuwa anampima hayupo. Hilo ni wazo safi kabisa kuhusu mtu anayefanya kitu kwa kukipenda.

Na tukio la Calcutta: Honda na Dhalsim wanapigana, Dhalsim anamwona Ryu katikati ya umati, mtu amesimama tu kama watazamaji wengine, na umakini unamtoka. Ryu hakurusha hata konde. Hapo umeambiwa Ryu ni nani kuliko angeshinda mapambano matano.

(Humohumo Calcutta, tazameni nyuma. Akuma, mpiganaji mwingine wa gemu, yupo, kajificha kama muuzaji. Wakati filamu inatengenezwa yeye ndiyo kwanza alikuwa anaingia kwenye gemu. Nilipoambiwa mara ya kwanza sikuamini, nikarudisha.)

#6

Naomba kupinga kutoka upande mwingine kabisa.

Mimi nimeiona hiyo ya 1994 na ninaiheshimu, ila kama tunatafuta katuni ya ngumi iliyotoka kwenye gemu ikasimama kama filamu, jibu ni Mortal Kombat Legends: Scorpion's Revenge ya 2020. Na sababu ni hiyohiyo ya mkuu wa #4. Watengenezaji wa Scorpion walifanya uamuzi ambao Sugii hakuufanya: walichagua mtu mmoja.

Hanzo Hasashi, ndiye Scorpion mwenyewe. Dakika za mwanzo yuko na mke na mtoto, anamfundisha mwanawe. Kisha ukoo mzima wa Shirai Ryu unachinjwa, familia yake inauawa, naye anauawa. Anaamkia kuzimu, mchawi Quan Chi anampa mkataba. Kuanzia hapo, kila mtu akikatwa unajua kwa nini mkono wake hautetemeki. Mashindano yale ya Mortal Kombat, Liu Kang, Sonya, Johnny Cage na vichekesho vyake, yote yanaendelea pembeni kama harusi ya watu wengine ambayo Scorpion kaingia kumtafuta mdeni wake. Halafu anakuja kugundua kwamba sura aliyoiona usiku ule haikuwa ya Sub-Zero, ninja wa ukoo adui. Amelipiza kisasi kwa asiyehusika.

Mleta uzi unasema gemu ya kupigana haina hadithi. Mortal Kombat ina hadithi. Tangu gemu ya 2011 wana hadithi ndefu ya kutazama kabisa. Kwa hiyo kauli yako ni ya enzi ya mashine za sarafu, si ya sasa.

Na hiyo kuganda unayoisifu, Scorpion's Revenge wanayo ya kwao: ngumi ikitua picha inaingia ndani ya mwili unaona mfupa unavunjika, kama ilivyo kwenye gemu ya 2011. Wao pia wameazima kutoka kwenye gemu. Au ikiazima Japani ndiyo sanaa, ikiazima Marekani ni uchinjaji?

#7

#6 kaongea. Mleta uzi jibu hoja, usikimbilie paka na treni.

#8 Mleta uzi

Sikimbii.

Nakubali mambo mawili. La kwanza, Scorpion's Revenge imesimama. Ni nzuri kuliko watu wanavyodhani wakiona tu damu kwenye tangazo. La pili, kauli yangu kwamba gemu ya kupigana haina hadithi niipunguze: gemu za wakati ule hazikuwa nayo, za sasa nyingi zinayo. Sawa.

Lakini tuitazame hiyo picha ya mfupa. Mara ya kwanza ikitokea unashika taya lako. Mara ya pili unacheka. Mara ya sita unasubiri iishe. Kwa nini? Kwa sababu yule aliyevunjwa mbavu anasimama anaendelea kupigana kama kawaida. Kwenye gemu inaeleweka, ule ni mstari wa uhai tu umepungua, mbavu zenyewe hazina kazi. Kwenye filamu mbavu zina kazi. Ukinionyesha mfupa umekatika halafu mwenye mfupa anapiga sarakasi, umeniambia kwamba mfupa ni mapambo.

Chun-Li hakuonyeshwa mfupa hata mmoja, na alilala koma.

Hapo ndipo tofauti yangu na wewe ilipo. Hadithi ya Scorpion ni bora kuliko ya Street Fighter II, nimekubali mchana kweupe. Ila ukiondoa sauti na maneno, ukamwita mtu asiyejua chochote, ukamwonyesha mapambano tu, kwenye Scorpion atakwambia "huyu anaua wale". Kwenye Street Fighter atakwambia "huyu anaogopa, yule anajivuna, yule hataki kumpiga mwenzake".

#9

Hiyo ya mwisho ni Ryu na Ken. Naomba niingie hapo kwa sababu mleta uzi bado hajafika na mimi ndilo lililoniuma.

Bison kamteka Ken, kamlisha akili yake, kamleta ampige Ryu. Ryu kagundua ni Ken. Anaacha kupigana. Anapokea tu. Anapigwa kama mzigo na rafiki yake wa utotoni, na anachofanya ni kumwita. Katikati tunarudishwa kwa mwalimu wao, wakiwa vijana wanafanya mazoezi, Ryu kaumia kwenye paji la uso, Ken anafungua utepe mwekundu wa nywele zake anampa afunge jeraha. Kumbe ile kamba nyekundu kichwani kwa Ryu, ambayo tumeiona miaka yote tukidhani ni mtindo wa wapiganaji, ni bandeji. Ni utepe wa Ken.

Nilikaa kimya muda.

#10

Niliwahi kufanya karate miaka kadhaa, sikufika mbali, lakini niseme kitu kuhusu usimamizi wa Andy Hug. Ukitazama mateke ya kwenye filamu, nyonga inageuka. Katuni nyingi mguu unanyanyuka peke yake kama mkono wa saa, nyonga imetulia, ndiyo maana hata uchorwe mstari wa mwendo mrefu vipi, mwili wako unajua hilo teke haliumi. Hapa mguu wa chini unazunguka kwanza, kisha nyonga, kisha goti, mguu unafika wa mwisho. Hicho hakitoki kwa mchoraji aliyetazama gemu. Kimetoka kwa mtu aliyesimama mbele yake akapiga teke.

Na Hug alitwaa ubingwa wa K-1 mwaka 1996, akafariki 2000 kwa saratani ya damu. Ukiyajua hayo na ukarudi kuitazama, unaitazama kwa jicho jingine.

Kuhusu Bison kupaa angani bila sababu, hapo hata Hug hawezi kutusaidia.

#11

Swali la mtu mgeni: mbona nimeona toleo la Kijapani bondia anaitwa M. Bison? Nimechanganyikiwa.

#12

#11, bondia aliundwa kwa kumfuata Mike Tyson, ukiangalia hilo "M." utaelewa. Gemu ilipopelekwa Marekani wakaogopa kesi, wakazungusha majina matatu. Bondia akawa Balrog, Mhispania akawa Vega, dikteta akapewa M. Bison. Kati ya mabosi, Sagat peke yake ndiye aliyebaki na jina lake alilozaliwa nalo.

Mada isihame jamani.

#13

Hakuna aliyegusa muziki? Hii filamu ni filamu mbili kutegemea umeshika toleo gani.

Toleo la Japani nyimbo zake zimepitia mkono wa Tetsuya Komuro, na ule aliouimba Ryoko Shinohara uliuza nakala zaidi ya milioni 2. Ni pop, una majonzi na ujasiri kwa pamoja. Ukiusikia, filamu inakuwa ya vijana wawili waliokulia pamoja na wamepoteana.

Toleo la Kiingereza wakatoa yote, wakaweka Alice in Chains, Korn, KMFDM, Silverchair. Magitaa mazito, sauti za kuunguruma. Picha ni zilezile, lakini sasa unatazama filamu ya watu wenye hasira na dunia. Nimeona watu wakibishana kuhusu filamu hii saa nzima kumbe kila mmoja anakumbuka toleo lake.

Mimi wa magitaa. Nisameheni.

(Na kwenye hilo la Kiingereza, sauti ya Fei Long ni Bryan Cranston, yule wa Breaking Bad, kwa jina jingine kwenye orodha ya waigizaji. Miaka mingi kabla hajapata umaarufu ule.)

#14 Mleta uzi

#13 umeeleza kwa nini mimi na #6 hatuelewani. Mimi nilianza na la Kijapani. Yeye nadhani wa magitaa.

#15 (yuleyule wa #6)

Magitaa, ndiyo. Na sijakubali bado.

Ila nina moja ambalo hakuna anayetaka kulitaja kwa sababu linaharibu sherehe. Mmelisifu pambano la Chun-Li na Vega mpaka mbinguni. Kabla yake kuna nini? Kuna bafu. Kamera inamchungulia dada wa watu akioga kwa muda mrefu kuliko hadithi inavyohitaji, mpaka matoleo kadhaa wakakata. Mtanieleza ni kuonyesha kwamba hana kinga, kwamba Vega anamvizia. Sawa, sekunde 3 zinatosha kunionyesha hana kinga. Zilizobaki zote ni za nani?

#16

Hapo hata mimi naona umesema ukweli. Na ubaya wake unaliumiza pambano lenyewe, maana lile pambano linamheshimu Chun-Li kuliko filamu nzima ilivyomheshimu kabla ya hapo. Dakika chache nyuma kamera ni mchunguliaji, sasa ghafla kamera iko upande wake. Sijui Sugii alilazimishwa au alitaka.

#17 Mleta uzi

Silitetei. Nikimwonyesha mtu filamu hii hapo huwa napeleka mbele, na hiyo peke yake inatosha kuwa hukumu.

Nirudi kwenye kitu kimoja nilichotaka kusema tangu mwanzo nikakisahau: filamu hii iliilipa gemu. Kwa kawaida mto unatiririka upande mmoja, gemu inatoa filamu, filamu inasahaulika. Hapa ilirudi. Street Fighter Alpha ya 1995 ina Ken kijana mwenye nywele ndefu na ule utepe mwekundu aliousimulia #9. Ina namna ya kucheza ambapo watu wawili, Ryu na Ken, wanamkabili Bison kwa pamoja, yaani mwisho wa filamu umekuwa pambano la kuchezwa. Michoro ya Alpha yenyewe inafanana na katuni kuliko Street Fighter II ilivyokuwa. Na Sugii mwaka huohuo akaongoza mfululizo wa televisheni, Street Fighter II V, vipindi 29, ingawa huo kwangu una maji mengi.

Halafu kuna kituko cha gemu waliyoitengeneza kutokana na filamu yenyewe, Japani, 1995. Hupigani. Wewe ni saibogi wa Bison. Unatazama vipande vya filamu na kazi yako ni kunasa mapigo ya wapiganaji, unayasoma, unayahifadhi, ndipo mwishoni kabisa unapambana na Ryu kwa ulichojifunza. Watu waliilaani wakati ule. Mimi naona ndiyo waliyoielewa filamu kuliko wote, kwa sababu hicho ndicho tunachofanya hapa tangu chapisho la kwanza: tumekaa, tunatazama miili ya watu, tunasoma.

#18

Kwa hiyo sisi ni saibogi. Asante mleta uzi.

#19

Nyie mnaongelea filamu nzuri, kuna watu tuliteseka. Tekken ya 1998 ina dinosaria. DINOSARIA. Kwenye Tekken. Mtu anieleze kitufe gani cha kubonyeza ili nitoe dinosaria.

#20

#19 nimecheka mpaka nimeamsha watu.

#21 (yuleyule wa #6)

Nimeirudia usiku wa kuamkia leo, toleo la Kijapani, kama mleta uzi alivyotaka. Nimezima sauti kwenye mapambano pia, kumjaribu.

Ryu na Ken dhidi ya Bison. Ken ameshazinduka lakini kaumia, Ryu naye kapigwa muda wote bila kurudisha. Bison ni mzima, ana ile nguvu yake ya zambarau. Bila maneno, nilichokiona ni hiki: wale wawili wanasogea kwa mwendo mmoja. Mmoja akishuka mwingine anapanda. Hawatazamani. Hadouken ya mwisho wanaitoa pamoja, na mikono inakunjwa ubavuni namna moja, kwa sababu mwalimu wao ni mmoja. Na Bison, ambaye filamu nzima amekuwa anajifunza kutoka kwa kamera, hana popote alipolirekodi hilo.

Kwa hiyo nakupa nusu. Scorpion wangu bado ana hadithi bora.

Ila mwisho wenu ule wa lori sijauelewa hata kwa sauti. Bison kalipuka na ndege yake, tumemzika. Chun-Li kaamka, kamfanyia Guile utani wa kujifunika shuka kama maiti, tumecheka. Ryu na Ken wameagana. Ryu anatembea barabarani peke yake, anga safi. Halafu Bison anatokea anaendesha LORI?

#22 Mleta uzi

Nusu naipokea.

Lori hata mimi sijui leseni kaitoa wapi. Ila angalia Ryu anavyofanya lori likimjia. Hashangai, hakimbii. Anaruka kulikabili, na picha inakatikia hapo angani.